Siku Nilipokataa Mjomba Atolewe Damu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliposimama katikati ya wanaume kwenye visima vya laga, ule mto wa msimu ulio upande wa kuelekea Leparua, nikawaambia kwamba atakayemgusa mjomba wangu kwa kisu itabidi anipite mimi kwanza. Wako watu ambao mpaka leo wananiita yule mwanamke wa kisimani. Waniite tu.

Nilikuwa nimerudi Isiolo na diploma yangu. Nasema yangu kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Niliondoka hapa nikiwa msichana, nikaenda Uarabuni kufua na kupika katika nyumba za watu, na niliporudi na akiba yangu sikujenga vyumba vya kukodisha kama wenzangu. Nilijilipia chuo cha uuguzi mpaka mwisho. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani na walinicheka kwa hilo. Matokeo ya mtihani wa kwanza yalipobandikwa ukutani, wale wale wakaanza kunifuata niwafundishe. Ukisikia mtu anasema Halima anajisifu, mwambie ni kweli, kisha muulize yeye ana nini cha kusifu.

Mjomba wangu aliitwa Guyo. Sisi Waborana mjomba tunamwita abuya, kwa hiyo kwangu alikuwa Abuya Guyo. Kwa watu wengine wote alikuwa abba herega, mzee wa zamu ya maji. Kiangazi kikikolea na laga ikabaki mchanga mtupu, watu huchimba visima humo, na lazima awepo mtu mmoja wa kuamua ngamia wa nani wanywe leo na mbuzi wa nani wangoje kesho. Abuya alikuwa akinyoosha fimbo tu, kundi zima la ng'ombe wenye kiu linasimama.

Mtu huyu alikuwa na presha. Kliniki walimpa vidonge, vile vinavyopunguza chumvi na maji mwilini kwa njia ya mkojo. Akavimeza, presha ikashuka, akajisikia mzima, kisha akaviacha. Nilipomuuliza sababu hakunificha.

“Vile vidonge vinaniondoa kwenye birika la kunyweshea mifugo kila wakati,” alisema. “Nikienda kichakani, nikirudi nakuta ngamia wa mwenye nguvu wameshatangulia mbuzi za mjane. Na vijana wanacheka. Wanasema mzee anatupimia maji kwa ndoo, na yeye mwenyewe anayamwaga bure.”

Usimcheke, mwanangu. Daktari aliyemwandikia dawa alitoka huko juu kwenye mvua na mashamba. Angejuaje kwamba kuna kazi ambayo mtu akijitenga nayo dakika chache, watu wanatoana macho? Hakuuliza, na Abuya kwa heshima yake hakusema.

Basi asubuhi hiyo mke wake alinipigia simu. Abuya ametokwa na damu puani pale kisimani, kichwa kinamuuma, na wazee wameamua jambo. Nikaweka mashine ya presha kwenye mkoba, nikapanda pikipiki.

Nilimkuta ameketi juu ya debe kando ya birika, kitambaa puani. Mbele yake alikuwa Mzee Galma, mtu wa rika lake, ananoa kisu kidogo juu ya jiwe. Ni kisu cha kumtoboa ng'ombe mshipa. Nikawasalimu, wakaitika, nikauliza kinaendelea nini.

“Mjomba wako damu imemzidi,” akasema Galma. “Mwili una akili, Halima. Umeanza kuipunguza wenyewe kwa pua. Sisi tunausaidia tu umalize kazi.”

Nilifunga kitambaa cha mashine kwenye mkono wa Abuya. Namba zilizotoka sikuzipenda, nikangoja kidogo, nikapima mkono wa pili. Zilikuwa mbaya vile vile.

“Weka kisu chini, Mzee Galma.”

“Huko Uarabuni ulifundishwa kuamrisha wazee?”

“Huko nilifundishwa kufua. Haya mengine nimejifunza hapa Kenya, na cheti kina jina langu. Weka kisu chini.”

Wanaume wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema mwanamke hana neno kwenye kisima. Nikamwambia neno ninalo na nitalisema kwa sauti ili hata ngamia wake wasikie.

Nikawaambia hivi. Ni kweli mwili una akili. Ndani ya mishipa mikubwa ya shingo kuna walinzi wadogo wanaosikia jinsi damu inavyousukuma ukuta wa mshipa. Damu ikisukuma kwa nguvu, wanapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unaagiza moyo upunguze mwendo na mishipa ilegee. Ikisukuma kidogo, moyo unaambiwa ukaze na mishipa ibane. Ndiyo maana ukiinuka ghafla huanguki. Nazo figo ziko chini zikigawa maji na chumvi, hiki kibaki, hiki kitoke. Sasa mtoboeni huyu mzee mshipa. Wale walinzi hawajui kwamba nyinyi ni marafiki. Watadhani anachinjwa. Moyo utaenda mbio, mishipa itabana, figo zitazuia kila tone la maji na kila punje ya chumvi. Presha itarudi pale pale, na damu yake itakuwa imekwisha kunywewa na mchanga.

“Kama hao walinzi ni hodari hivyo,” Galma akasema, “mbona wameiacha presha ipande?”

Lilikuwa swali zuri, na sikuwa nimelitarajia kutoka kwake. Nikamgeukia Abuya.

“Abuya, mtu akileta ngamia wake siku isiyo yake, ukamwacha, na kesho akaleta tena ukamwacha, baada ya msimu mzima atasemaje?”

Abuya aliondoa kitambaa puani. “Atasema ndiyo zamu yake.”

“Na vijana wako wa kisimani?”

“Watamtetea. Watasema huyu tumemzoea siku hii.”

“Ndivyo walinzi wa shingoni mwako walivyofanya. Presha imekaa juu muda mrefu wakaizoea. Sasa wanaona hiyo ndiyo haki, na ukiishusha wanapigana kuirudisha. Ndiyo maana husikii kitu. Kimya hicho unachokiita uzima ni walinzi waliokwisha kuzoea mwizi. Kidonge ni fimbo yako, Abuya. Ukiiweka chini siku moja, ngamia wanaingia.”

Abuya akacheka, cheko fupi la mtu aliyeshikwa.

“Sawa. Lakini vile vya kukojoa sivimezi tena.”

“Hutavimeza. Kuna vya aina nyingine, vinavyolegeza mishipa. Utamwambia daktari unafanya kazi gani, kwamba uko juani na maji ya kunywa ni ya kuhesabu. Usiposema nitakuja kusema mimi. Na leo hii unaenda.”

Gari la kubeba mbuzi lilikuwa linaondoka kwenda sokoni Isiolo. Tukampa kiti cha mbele. Galma alipanda naye, kwa kuwa rika haliachani, lakini kabla ya kufunga mlango alitoa kichwa nje.

“Na zamu atashika nani? Diploma?”

“Naam,” nikasema. “Diploma.”

Abuya akanipa fimbo yake kupitia dirishani. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Umeniongelesha mbele ya wanaume kama ndama aliyegoma kunyonya.”

“Ningekuambia nyumbani ungesikia?”

“Hapana,” akasema, na gari likaondoka.

Nilisimama kwenye birika mpaka jua likageuka. Yule mwenye nguvu alijaribu kupitisha ngamia wake mbele. Nikanyoosha fimbo. Akasema hafuati mwanamke. Nikamwambia basi ngamia wake hawafuati maji, na yule mjane akapitisha mbuzi wake huku akinitazama kama anayeota na anaogopa kuamka. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyekufa kwa kiu.

Waliporudi jioni, Abuya alikuwa na vidonge vipya mfukoni. Galma aliteremka nyuma yake. Wakiwa hospitali, muuguzi alikuwa amempima Galma pia kwa vile tu alikuwa ameketi kwenye foleni, na presha yake ilikuwa juu kuliko ya mgonjwa aliyemsindikiza. Alinipita bila salamu, akaenda mpaka kwa ngamia wake, akarudi ameshika pakiti yake mwenyewe ya vidonge.

“Halima,” akasema, “hivi vinamezwa kabla ya chai au baada?”

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayetafuna miraa mpaka moyo unadunda shingoni na kusema presha ni ya wazee. Nenda ukapimwe ukiwa mzima, maana mwili wako hautakuambia, wenyewe umeshazoea. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri, kwani unajisikia vizuri kwa sababu ya hiyo dawa. Ikigombana na kazi yako, rudi kwa aliyekupa umwambie wazi, ili akubadilishie, na usione aibu kutaja mkojo. Punguza chumvi kwenye supu hata kama mama mkwe ndiye aliyepika. Usimruhusu mtu akutoe damu kwa sababu ya presha. Na ukijua jambo la kuokoa maisha ya mtu wako, liseme, hata kama kisima kizima kimekugeuzia mgongo. Wakikuita mkaidi, itika.

Mungu akulaze na moyo unaopiga polepole, akuamshe na macho yanayoona vizuri, akupe watu wa kukugombeza ungali hai, na amani iwe juu ya boma lako na mifugo yako yote.