Maji Niliyochota Juu ya Daraja

Admin, nificheni jina, na kijiji pia msikitaje, maana watu wa kwetu wakiunganisha mambo mawili watanijua. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na mmoja, mstaafu. Naishi Migosi, hapa Kisumu, na mke wangu na dada yangu mkubwa. Dada amekaa kwangu zaidi ya miaka thelathini. Kila asubuhi kabla ya chai anaomba, na kwa maombi yake lazima anitaje, ati Mungu ambariki huyu ndugu aliyempokea dunia ilipomtupa. Mimi hufumba macho nikingoja aseme amina. Nimechoka na hayo maombi, na leo nataka niseme kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa msaidizi wa maabara katika kiwanda kimoja cha sukari, ambacho siku hizi kimebaki mabati yenye kutu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha chupa na kuchota maji ya kupimwa. Mitambo ikisimamishwa isafishwe, tulitumia kostiki, ile soda kali inayochuna ngozi. Ikimaliza kazi yake, mfereji ulifunguliwa ikaenda moja kwa moja mtoni. Kila mtu pale ndani alijua. Kule chini watu walikuwa wanakunywa maji hayo hayo, wanafua, wananywesha mifugo, na mto wenyewe unaishia ziwani. Sisi tulikuwa tunaambiana tu kwamba mto ni mkubwa.

Dada alikuwa ameolewa huko chini, mke wa pili. Asubuhi moja mke mwenzake alikwenda matangani, akamwachia ng'ombe wake awapeleke mtoni. Alfajiri hiyo hiyo sisi tulikuwa tumefungua mfereji. Ng'ombe sita walianguka kabla jua halijawa kali, povu mdomoni, ndimi zimechubuka. Samaki pia walionekana wakielea, ndiyo maana chifu akaandika barua maji yakapimwe.

Sasa sikieni vile yalipimwa. Mkaguzi kutoka mjini aliandika kwanza kwamba anakuja, akataja na siku. Alipofika aliketi ofisini kwa meneja, akaletewa chai na mandazi, na viatu vyake havikugusa tope hata kidogo. Chupa nilipewa mimi. Mkubwa wangu wa maabara akanifuata mpaka mlangoni.

"Kijana, chota kule juu ya daraja," akaniambia.

"Lakini mfereji uko huku chini, Mzee."

"Nani amekuuliza mambo ya mfereji? Unataka kazi ama hutaki?"

Nilitaka kazi. Nilichota juu ya daraja, mahali ambapo mto bado haujakutana na kiwanda, kisha nikaandika kwenye chupa kwamba ni maji ya chini ya mfereji. Nilijua kuna ng'ombe wamekufa, sikujua ni wa boma gani. Nilikuja kujua Jumamosi hiyo, mtu wa nyumbani aliponiletea habari. Majibu yalikuwa bado hayajasomwa, kwa hivyo nilikuwa na muda wa kusema. Sikusema.

Chifu aliyasoma barazani: maji ni safi. Na kama maji ni safi, nani ameua ng'ombe? Macho yote yakamgeukia mke mdogo. Wakasema ni wivu, ametia sumu, wakamfukuza na nguo alizovaa. Alinifikia miguu imevimba.

"Omera, ndugu yangu, wewe si unafanya hapo kwa kiwanda?" akaniuliza. "Hiyo maji ilikuwa mzuri kweli?"

Nilimwambia karatasi ya serikali imesema hivyo.

Siku hizi nikisikia watu wakilalamika kwamba sheria za mazingira zinasumbua wenye viwanda, nashikwa na hasira. Mtu mmoja tu angekuja bila kutuma barua, avae gambuti aingie topeni, achote maji kwa mkono wake mwenyewe chini ya mfereji, dada yangu angezeeka kwake. Ni kitu kidogo hivyo. Mnakiachia kiwanda kichote maji ya kukishtaki, halafu mnashangaa maji ni safi? Nina hasira na wao wote, na nina hasira zaidi na mimi.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mume wa dada alishakufa, na mke mwenzake pia. Wiki jana mwana wa kwanza wa yule mke mwenza, naye ni mzee mwenye mvi sasa, alikuja hapa nyumbani.

"Mama, wazee wamekubali urudi," alisema. "Lakini useme mbele ya watu kwamba ni wewe, uombe msamaha, hii maneno iishe."

Kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mume wake. Dada ni mgonjwa, na hofu ya kuzikwa kwingine ndiyo pekee inayomnyima raha. Alikubali hata kabla mgeni hajamaliza chai. Mgeni alipoondoka nilimuuliza dada atakirije kitu ambacho hakufanya.

"Nitasema tu," akanijibu. "Mimi sitaki kulala kwa watu."

Nikisema ukweli, atajua ni nani amekuwa akimwombea miaka yote hii. Mimi ni mzee wa kanisa, nina wajukuu, na kusema kweli naogopa. Nikinyamaza, atarudi nyumbani kwake akiwa muuaji wa ng'ombe, na ndivyo watakavyomtaja hata siku ya kumzika.

Jana mchana tulikuwa tunachambua mboga, mimi na yeye. Akaniuliza polepole, bila kuniangalia.

"Omera, wewe ulifanya kazi ya madawa. Wataniuliza niliweka nini kwa maji. Niseme niliweka nini?"

Tunaenda Jumamosi, na mimi ndiye nitakayempeleka. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishaurini kabla ya siku hiyo. Nimjibu nini dada yangu?