Picha za Marehemu Mlangoni

Mwanangu wa pili ndiye aliyeileta seva nyumbani kwetu Madale. Ni kompyuta tu, nyeusi, haina kioo. Akaiweka chumba cha nyuma tulikokuwaga tunaweka mkaa, akaiwashia feni. Ukoo wetu umetawanyika, na wazee hawakutaka habari za misiba yetu zikae kwenye mashine za watu tusiowajua. Basi barua pepe za ukoo zikawa zinafikia kwetu, kwenye sanduku moja la wote, na kila mtu akapewa neno la siri la kulifungulia, hata mie niliyeishia darasa la nne.

Wazee walitoa sharti moja. Kwetu picha ya marehemu haitundikwi chumbani, inatundikwa sebuleni juu ya kochi, mgeni amwone kabla hajapewa hata maji. Wakataka na lile sanduku liwe hivyo: ukilifungua, kabla hujasoma chochote, uwakute wametangulia wamejipanga. Mwanangu akawapanga. Picha zilikuwa zilezile kubwa za kuweka mbele ya jeneza, na kila msiba ukaongeza yake. Majina yao ninayo yote, hata ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, ila hapa siandiki hata moja.

Binti yangu wa mwisho alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mama mwenye nyumba akamnyang'anya simu na pasipoti. Namba zetu zote zilikuwa ndani ya ile simu. Kichwani alibaki na anwani ya sanduku la ukoo na neno lake la siri, basi. Mwenye nyumba akitoka kidogo, anakimbilia kompyuta ya watoto, anaandika mistari miwili. Mara kala, mara mgongo unamuuma. Halafu mistari ikakatika.

Nikajua amekufa. Sikumwambia mtu, nilianza tu kukunja kanga zangu nyeusi na kuziweka karibu.

Mwanangu akaangalia kwenye seva. "Mama, anaingia. Mashine inaandika kila anayegonga. Neno lake la siri linakubaliwa, halafu anaondoka."

"Anaondokaje bila kutusalimu?"

"Ukurasa unachelewa. Anaondoka kabla haujafunguka."

Nikamuuliza mbona kwake unafunguka mara moja. Alisingizia intaneti, akabadilisha laini. Akasingizia joto la kile chumba, akatoboa dirisha. Akaiongezea mashine kumbukumbu. Kila akijaribu kwenye kompyuta yake, ukurasa unafunguka kama pazia, naye anasema sasa imepona. Binti yangu akaendelea kugonga na kuondoka. Nilikuwa nakaa karibu na kile chumba nasikiliza feni, nawaza kwamba yuko mle ndani na sie hatumfungulii.

Aliyetuonyesha ni mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, anayefundisha shule huko Boko. Alilifungua sanduku kwenye kompyuta ya shuleni, ambayo haijawahi kuliona. Akapiga simu: "Mama, nimesahihisha madaftari ya darasa zima, mpaka sasa naangalia kipara cha babu."

"Kipara tu?"

"Kipara tu. Uso haujashuka."

Mwanangu akashika kichwa. Kompyuta yake ilikuwa imeshazihifadhi zile picha zamani, kwa hiyo haikuwa inazisubiri. Mgeni wa mbali ndiye anayeletewa zote upya, moja baada ya nyingine, ndipo barua zije, na kila msiba ulikuwa umeirefusha foleni.

"Zitoe," nikamwambia.

"Siwezi, Mama. Baba mkubwa alisema atakayewagusa wale, akifiwa asimwite."

Huyo baba yao mkubwa ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, seremala wa Keko. Ndiye mkubwa wa ukoo, na majeneza yetu yote anachonga yeye. Nikamfuata mwenyewe. Nilimkuta kati ya vitanda vilivyopangwa kando ya barabara, futi ya kupimia shingoni.

"Shemeji, umekuja kupimwa?"

"Jipime wewe kwanza. Mie mrefu, nitakumalizia mbao."

Akacheka, akanivutia kiti ambacho hakijapigwa vanishi. Nilipomweleza shida, kicheko kikaisha.

"Mtu umtoe sebuleni umpeleke stoo kwa sababu amekufa? Hapana."

"Hawaendi stoo. Wanaingia chumba cha ndani. Anayewataka atafunguliwa."

"Leo chumba cha ndani, kesho mtaniambia mashine imejaa. Nani atawakumbuka?"

"Binti yako anagonga, shemeji. Anawakuta hao wamejaa mlangoni, hapati pa kupita."

Akashika randa, akaendelea na ubao wake kama sipo. Basi nikaanza kuwataja. Nikaanza na yule mwenye kipara, baba yao yeye na marehemu mume wangu, nikashuka kwa wadogo zake, wake zao, watoto wao, kila mmoja na alikozikwa. Jirani yake akazima msumeno. Nilipofika kwa kifungua mimba wa shemeji, ambaye yeye mwenyewe alimchongea jeneza na hakukubali kusaidiwa hata msumari, randa ikasimama.

"Basi, shemeji. Basi. Watoeni." Akajifuta vumbi la mbao usoni. "Lakini kila kikao cha ukoo utawataja wewe, kwa mdomo."

Mwanangu akawahamisha jioni ileile. Mkwe wangu alipojaribu shuleni, alisema ukurasa umefunguka kabla hajakaa vizuri.

Binti yangu akagonga, akaingia, akaandika: "Mama, leo kumefunguka. Nilidhani mmenifungia. Wananipeleka nyumba nyingine, mji siujui jina. Sijui kama huko" na hapo imeishia. Tulimjibu palepale. Jibu letu mpaka leo halijafunguliwa. Tulikwenda kwa wanaoshughulikia watu walioko nje, wakauliza ni mji gani. Tukarudi nyumbani. Kila asubuhi mwanangu anaangalia waliogonga kabla hajanywa chai, nami simuulizi, namwangalia tu mabega.

Kikao cha kwanza baada ya hapo kilikuwa uani kwetu. Nikasimama nikawataja wote, watu wameinamisha vichwa. Nilipomtaja wa mwisho, hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wanasubiri nimtaje na binti yangu. Hata shemeji alikuwa amefumba macho.

Nikakaa. Nikamwambia mkwe wangu alete chai, watu wanywe.