Mashati Sita ya Jumanne

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, joto la kunata, na mvua haikunyesha.

Fundi wa kiwanda cha sare za shule aliinua macho kutoka kwenye cherehani akakuta saa ya ukutani inasema tisa na robo. Alipoitazama mara ya mwisho ilikuwa saa saba kamili. Mezani palikuwa na mashati sita ya watoto, kola zimesimama vizuri, na kila shati mikono yake imeshonwa ikafungwa kabisa pale kiganja kinapotokea. Mshono ulikuwa mzuri. Ulikuwa wake. Hakuukumbuka.

"Shoga, hao watoto watalishwa na nani?" aliuliza mpiga pasi wa meza ya pili, akicheka. "Au siku hizi tunashona foronya?"

Fundi akacheka kicheko cha mdomoni.

"Nimekuita mara tatu," mpiga pasi akasema, sasa bila mzaha. "Ulikuwa unaimba. Sauti ya kitoto kabisa."

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Mama wa kambo alizoea kusema: "Huyu mwili uko hapa, mwenyewe kaenda sokoni." Kila mtu alicheka. Hakuna aliyeuliza mtoto anakimbia nini ndani ya nyumba ile, wala kwa nini kaka wa mama huyo alipenda kumtuma stoo kisha akamfuata. Yeye mwenyewe aliyakumbuka vipande vipande, kama nguo iliyokatwa ikaachwa bila kuunganishwa.

Saa kumi alikuwa kwa mshauri wake wa zahanati, binti wa rika la mwanawe, ambaye alikuwa akimwona kila Jumanne kwa miezi kumi sasa. Fundi akatoa shati moja mkobani, akalitandaza mapajani.

"Nimekuja na shahidi," akasema.

Mshauri alilitazama muda mrefu. "Kanyaga sakafu vizuri, mama. Upo hapa na mimi. Aliyeshona hivi alikuwa anamlinda nani?"

Jibu lilikuja polepole, kutoka mbali. "Watoto. Huyo aliye ndani yangu, aliyeshona, ana miaka saba. Anasema kiganja kisipotokea, mtu hawezi kukishika akakuvuta."

"Mshukuru."

"Nimshukuru kwa kunitia hasara ya mashati sita?"

"Umewahi kumshukuru kwa lolote?"

Fundi alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Ndipo likamtoka lile alilolificha wiki tatu.

"Jumatatu binti yangu anarudi kazini. Naletewa mjukuu, kutwa. Ana miezi minne."

Mshauri aliweka kalamu chini. "Anajua?"

"Anajua mimi ni msahaulifu."

"Mama, mtoto ni wake. Mpe ukweli, aamue."

"Na akiamua nisimguse tena?"

Mshauri hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Inawezekana," akasema. "Ukitaka, nitakaa nanyi wote wawili. Lakini neno la kwanza litoke kwako."

Asubuhi ya Jumatano fundi hakwenda kiwandani. Alikwenda kwa binti yake, akamkuta anamwogesha mtoto kwenye beseni, sabuni imempanda hadi viwiko.

"Afadhali umekuja, mama. Nishikie huyu nichukue taulo."

"Taulo nitalileta mimi," fundi akasema, akalileta. "Mwanangu, Jumatatu usiniachie mtoto peke yangu. Kuna saa huwa sipo. Natembea, nashona, naimba, na sipo."

Binti alimfunga mtoto taulo, akamkumbatia kifuani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Fundi aliona. Aliiona ile mikono inavyokaza.

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka saba."

Binti hakumpa mtoto. Alisukuma kiti kwa mguu mpaka kikafika alipo mama yake. Fundi akakaa, nyayo zote mbili sakafuni, akaanza kumweleza habari za ile nyumba.