Kichupa cha Maisha

Juzi kliniki nilimwona muuguzi akigonga bomba la sindano kwa ukucha hadi tone la insulini likaruka, nikakumbuka ule mchana nyumbani kwetu Maisaka, nilipofundishwa kujichoma.

Chumba kilinuka spiriti na maharage yaliyokuwa yakitokota. Mama alitoa kichupa kwenye chungu cha maji baridi, akampa jirani yetu Mama Neema, ambaye ni muuguzi.

"Hii ndiyo dawa yako ya maisha," Mama Neema aliniambia.

Siku hizi najua alimaanisha nitaitumia kila siku, bila kukoma. Siku ile nilitazama kile kichupa kinachoenea kiganjani, nikaelewa kwamba maisha yangu yote yamo humo, na kikiisha nimekwisha.

Mama Neema akavuta dawa, akagonga bomba, tone likadondoka sakafuni.

"Unamwaga!" nikapiga kelele, mimi ambaye hata shikamoo naitoa kwa kunong'ona.

"Natoa hewa tu, mwanangu. Haya, shika."

Nikaisimamisha sindano juu ya paja langu. Nje mashine ya kusaga ilinguruma.

"Choma basi, maharage yanaungua," Mama alisema.

"Nichome nusu, nyingine tuiweke?"

"Tuiweke ya nini?"

"Ya nikiwa mkubwa."

Mama Neema akaanza kucheka, akaacha. Mama akapiga magoti mbele yangu, akanishika goti.

"Kikiisha tunaleta kingine. Na kingine tena, mpaka unichoke."

Nikachoma, nikasukuma dawa yote. Nilipochomoa sindano, Mama alikuwa bado amefumba macho. Ikabidi mimi nimwambie, "Mama, imeshaingia."