Kioo Cheusi na Kahawa ya Baba Mdogo

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nikinunua sukari sokoni Bukoba naangalia mizani kwanza, ndipo namwangalia muuzaji. Kazi yangu ya kuchapa na kutoa fotokopi imenizidishia tabia hiyo, maana watu huniletea vyeti wakitaka tarehe irekebishwe kidogo tu. Kwa hiyo Ijumaa ile nilipofika nyumbani Kishanda, nikabonyeza swichi ya kompyuta ya marehemu baba na kioo kikabaki cheusi tii, sikufikiria waya wala umeme. Nilimfikiria Baba Mdogo.

Sababu nilikuwa nayo. Baba alikuwa mwalimu, na alipostaafu aliandika habari zote za kibanja chetu, shamba la ukoo, kwenye mashine ile: nani alipewa wapi, makaburi yako wapi, miti ipi ya mramura ni mpaka. Karatasi hakuzitaka, alisema ni chakula cha mchwa. Kabla ya kufariki aliwaambia mama na wazee wa ukoo kwamba atakayebishana akasome mle. Sasa mdogo wake wa tumbo moja alikuwa anadai kipande cha chini kinachoshuka bondeni, na Jumamosi ukoo ulikuwa unakaa kuamua. Kahawa ya mama iko huko, na maharage yake. Bila maneno ya baba, wazee wangemsikiliza nani, mjane au mwanaume mwenzao? Nilijua jibu, na nilikuwa na hasira kabla hata ya kuvua viatu.

Mama aliniambia kuwa Jumatano kompyuta ilikuwa inawaka vizuri. Kila jioni aliiwasha, hana analofanya nayo, anataka tu kusikia feni ikivuma kama vile baba yumo chumbani. Alhamisi Baba Mdogo akaja kutoka Maruku na akalala chumba kile kile. Ijumaa, giza. Sasa hapo wewe ungemshuku nani, paka?

Nilimkuta uani. Tukasalimiana, akaingiza mkono mfukoni akatoa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akanipa punje mbili. Kwetu, ukimpa mtu baki kahawa, unatafuna wewe kwanza akuone, ajue haina kitu ndani. Mwanao unampa tu. Alinipa tu. Nikamwambia ahsante, nimeshiba. Hakuna aliyewahi kushiba kahawa ya kutafuna duniani, na yeye alilijua hilo, na mimi nilijua kwamba analijua. Aliirudisha mfukoni taratibu, mama akanikata jicho.

Nikarudi kwenye mashine. Taa ndogo ya kioo ilikuwa inapepesa rangi ya chungwa, maana yake umeme upo ila picha haiji. Nikachomoa waya wa picha nikatazama pini moja moja, nikitafuta iliyopindishwa na mkono wa mtu. Zote zilikuwa zimenyooka, na nikiri, nilisikitika kidogo. Niliporudisha na kuwasha tena, feni ilizunguka, kisha boksi lile likatoa sauti ya pi, pi, pi.

Nikampigia fundi wangu wa mjini. Akasema niilete dukani kwake. Nani, mimi? Ukiwaachia mafundi mashine ya zamani, unaweza kurudishiwa boksi tupu lenye feni. Nikamwambia anielekeze hapo hapo kwenye simu. Akacheka, akasema nizime, nichomoe umeme, nifungue ubavu wa boksi, nitoe kipande cha ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, nisugue meno yake kwa kifutio cha penseli, halafu nikirudishe mpaka kibane.

Kabla sijafungua nikaona skrubu moja haipo. Damu ikanipanda. Nikatoka mpaka uani nikamsimamia mbele ya mama.

"Baba Mdogo, hii kompyuta umeifungua?"

Akasema alitundika koti lake juu ya kioo, na kama koti huharibu, basi atalipa. Mama akasema skrubu ile ilipotea enzi za baba mwenyewe, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Waitu jamani, hivyo ndivyo unavyomuuliza baba yako?"

Nikarudi ndani nikafungua ubavu.

Miguu ya senene, wale panzi wa kuliwa. Mabawa ya senene. Kichwa kizima cha senene kimekaa juu ya feni, na msururu wa sisimizi unaotoka dirishani, unapita kwenye tundu za hewa, unaishia kwenye kitako cha ramu, ambako walikuwa wamejazana mpaka wengine wamekufa humo. Nikamwita mama. Hakuona aibu hata kidogo. Ni msimu wa senene, alisema, na mvua hii inawalainisha, kwa hiyo sinia la senene wa kukaanga huliweka juu ya boksi lile kwa sababu lina joto. Baba alikwepa mchwa wa karatasi, sisimizi wakamfuata humu.

Mama akarudi jikoni. Nikafagia kwa brashi, nikasugua ramu, nikaikandamiza mpaka ikalia ta. Nikawasha. Kioo kikafunguka, na picha ya mibuni ya baba ikanitazama.

Nikatafuta faili la kibanja nikasoma. Baba aliandika kwamba kipande cha bondeni alimpa mdogo wake zamani, kabla ya kumwoa mama. Kwamba yeye baba amekilima kwa hisani tu, kwa sababu mdogo wake hakuwahi kumbana. Na kwamba asije akadhulumiwa.

Nikasoma mara tatu. Nilikuwa peke yangu. Kazi yangu ni kuchapa, na kufuta mistari minne hainichukui hata dakika. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na sitadanganya kwamba kilikuwa kinapita njia tu. Ndipo Baba Mdogo akasimama mlangoni, akauliza kama imekubali. Nikasema ndiyo.

"Nisomee basi, mwanangu. Miwani nimeiacha Maruku."

Akaketi kitandani, akainamisha uso akisubiri. Chochote ambacho ningesoma angekipokea. Nilijisikia mchafu, na nikamsomea kama ilivyoandikwa, neno kwa neno.

Akajifuta macho kwa kiganja. Akasema mama atalima pale mpaka Mungu amwite, kesho atawaambia wazee hivyo hivyo. Yeye alitaka tu ijulikane kwamba kaka yake hakumsahau.

Kisha akatoa lile jani la mgomba. Nikakinga mikono yote miwili. Akachukua punje moja, akaiweka kinywani mwake mwenyewe, akatafuna huku ananitazama, akangoja nimwone amemeza. Ndipo akanipa yangu.