Mpira Saa ya Ibada

Opereta alijiunga na chuo kikuu akiwa tayari ana wajukuu watatu, miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni, na sauti ambayo nusu ya mji ilikuwa imeisikia bila kumwona mwenyewe. Maisha yake yote ya kazi alikaa katika kijichumba nyuma ya mapokezi ya hospitali kubwa, akiunganisha simu. Huyu anataka wodi ya wazazi, yule anataka maabara, mwingine analia tu na hajui anataka wapi. Hospitali ilipoleta mitambo inayojiunganisha yenyewe, walimkatia keki, wakampa saa ya ukutani, wakamuaga.

Alikaa nyumbani miezi michache. Alipanga kabati, akalipangua, akalipanga tena. Kisha akatangaza kwamba anakwenda kusomea ustawi wa jamii.

Chuo alichokichagua kilikuwa cha kanisa, juu ya kilima nyuma ya mji, chenye walimu wazuri na masharti magumu. Vilevile kilikuwa na binti yake. Binti huyo, mwanawe wa pekee, ndiye alikuwa mlezi wa wanafunzi: mabweni, malalamiko na nidhamu yote ilikuwa mezani kwake. Wanafunzi walimwita Kanuni. Alijua wanamwita hivyo, na hakuchukia.

"Mama, vyuo viko vingi," Kanuni alimwambia.

"Hiki kina basi linalopita mlangoni kwangu."

"Haya, lakini utakaa kwangu. Chumba cha watoto kina nafasi."

"Nikikaa kwako nitasoma saa ngapi? Nitakuwa yaya mwenye kitambulisho cha chuo. Nitakaa bwenini kama wenzangu."

Siku ya usajili kila mgeni alipewa kijitabu cha maadili atie sahihi. Pombe marufuku. Mavazi ya heshima. Kurudi bwenini kabla lango halijafungwa. Ibada ya Jumatano alasiri ni lazima kwa kila mwanafunzi. Mwanamume na mwanamke wasikae peke yao kwenye chumba kilichofungwa mlango. Vijana walisaini huku wanaongea na simu. Opereta alisoma ukurasa kwa ukurasa, amesimama, foleni nyuma yake ikiguna.

"Hapa mmeandika 'mavazi yasiyovuta macho'," alimwambia karani. "Macho ya nani?"

Karani alimtazama, akatazama foleni, akasema, "Mama, tia sahihi tu."

Akatia.

Bwenini kitanda chake kilipakana na cha binti wa mwaka wa pili aliyekuwa akisomea ualimu wa hesabu. Alikuwa mrefu hata alipolala miguu ilichungulia nje ya blanketi, na wote walimwita Twiga. Twiga ndiye aliyemfundisha kutuma kazi kwa kompyuta.

"Bibi, ukibonyeza hapo yote inapotea."

"Inakwenda wapi?"

"Hakuna anayejua."

Opereta akaondoa kidole haraka kama aliyegusa pasi ya moto, na Twiga akacheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Wakawa marafiki. Twiga alimweleza takwimu, Opereta alimweleza jinsi ya kumnyamazisha mtu anayekufokea: unazungumza polepole, unashusha sauti, mpaka yeye mwenyewe anaanza kuona aibu kwa makelele yake.

Muhula wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha walipomkamata Twiga. Ilikuwa Jumatano, saa ya ibada. Mlinzi alifungua mlango wa darasa moja la ghorofani akamkuta yeye na kijana wa darasa lake, wawili tu, ubaoni pamejaa pembetatu. Walikuwa wakijiandaa kwenda kufundisha kwa mazoezi siku ya pili yake. Mlango waliufunga kwa sababu upepo ulikuwa unapeperusha karatasi zao. Basi hayo yalikuwa makosa mawili kwa mpigo, kukosa ibada na kujifungia, na kamati ya nidhamu haikuchukua muda. Wote wawili wakasimamishwa masomo muhula mzima. Barua zilitoka na sahihi ya Kanuni.

Opereta alimsaidia Twiga kukunja mashuka. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Basi lilipoondoka na yule binti, Opereta alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwanawe.

"Mwanangu, mtoto yule hana baya."

Kanuni aliweka kalamu chini. "Mama, hapa ofisini mimi si mwanao. Ukiwa na jambo la nidhamu, pitia kwa mwakilishi wa wanafunzi."

Opereta alitoka. Kwa mwakilishi hakwenda. Alikuwa na mtihani Ijumaa, alikuwa mgeni, na alijiambia kwamba wenye kazi yao wanaijua. Lakini kila alipogeuka kitandani aliliona lile godoro tupu, na lilimkera.

Muhula uliofuata alipata rafiki mwingine. Huyu alikuwa mzee mwenzake, dereva wa malori aliyestaafu, aliyekuja kusomea cheti cha muziki wa kanisa kwa kuwa alitaka kupiga kinanda kabla hajafa. Vijana walimwita Rivasi, kwa sababu kila hadithi aliyoianza ilirudi nyuma kwanza: kabla ya lori kuharibika lazima akueleze alilinunua nani, na huyo aliyelinunua alioa wapi. Opereta, aliyezoea kusikiliza watu wasiojua wanachotaka kusema, hakuchoka naye. Na walikuwa na ugonjwa mmoja: timu ya mpira ya mji, ambayo haikuwa imechukua kombe tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

Mwaka huo ikafika fainali. Na fainali ikapangwa Jumatano alasiri.

"Saa ya ibada kabisa," alisema Rivasi kwa huzuni.

Opereta alifikiri. "Chumba chako cha kinanda kina kuta nene?"

"Zimewekwa sponji. Ukipiga humo hata mtu wa mlangoni hasikii." Kisha akaelewa. "Mungu anatuona, mama."

"Basi ataona na matokeo."

Kengele ya ibada ilipolia, wote wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbao kando ya kinanda, redio ya Rivasi juu ya meza, mlango umefungwa ili sauti isivuke uwanja mpaka kanisani. Walivua viatu. Walipitishiana karanga. Timu ilifungwa mapema, ikasawazisha kipindi cha pili, na bao lile la kusawazisha ndilo lililowaponza, maana Opereta alipiga ukelele ambao sponji yote ya chumba kile haikuweza kuumeza.

Mlinzi akafungua mlango.

"Shikamooni," alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Ingia, unaingiza kelele," alisema Opereta.

Timu ilifungwa bao la pili katika dakika za nyongeza. Mlinzi alisikitika pamoja nao. Kisha akakumbuka kazi yake, akaenda kutoa taarifa.

Habari ilikimbia chuo kizima kabla ya chakula cha jioni: mama yake Kanuni amekutwa amejifungia na mwanamume. Kwenye bwalo wasichana walimpisha mbele ya foleni kama shujaa wa vita. Kanuni alimaliza siku ofisini, mlango umefungwa, na watu walioutazama mlango ule walishindwa kujizuia kucheka.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Kasisi wa chuo ndiye alikuwa mwenyekiti, mtu mnene mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chai. Kando yake alikaa mwalimu wa sheria, na mwakilishi wa wanafunzi aliyekuwa akiuma midomo asicheke. Kanuni alisema wazi kwamba mshtakiwa ni mama yake mzazi, hivyo yeye hatapiga kura. Akahamisha kiti mpaka dirishani.

Aliitwa mlinzi kwanza.

"Mlango ulikuwa umefungwa?" aliuliza mwalimu wa sheria.

"Ulikuwa umefungwa, mpaka nilipoufungua."

"Ukafanya nini?"

"Nikasubiri."

"Ukasubiri nini?"

Mlinzi alitazama kofia yake. "Dakika za nyongeza."

Mwakilishi wa wanafunzi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa viatu visivyo na kamba.

Kasisi mwenyewe alishindwa, akacheka, akafuta macho. "Jamani, hawa ni wazazi wetu. Ni mpira tu. Mimi naona tuwape onyo la mdomo, tumalize."

Wenzake walikubali. Rivasi alikuwa ameshaanza kuinuka kitini, lakini Opereta alibaki ameketi, mikono mapajani.

"Baba kasisi, naomba kuuliza," alisema. Alisema polepole, ile sauti ya simuni. "Muhula uliopita walikutwa wawili kwenye chumba kilichofungwa, saa ya ibada. Walisimamishwa masomo. Sisi tumekutwa wawili kwenye chumba kilichofungwa, saa ya ibada. Tofauti yetu na wao ni nini?"

"Ninyi ni watu wazima," alisema mwalimu wa sheria.

"Kwenye kijitabu nilichosaini hakuna umri. Nilikisoma chote."

"Lakini mlikuwa mnasikiliza mpira tu."

"Na wao walikuwa wanachora pembetatu tu. Wao angalau walikuwa wanasoma." Akavuta pumzi. "Mimi nilikosa, na nilijua nakosa. Sitaki kusamehewa kwa sababu nina mvi, wala kwa sababu ya aliyekaa pale dirishani. Kama adhabu ya kosa hili ni muhula, nipeni muhula. Mwenzangu atajisemea mwenyewe."

Wote wakamgeukia Rivasi.

"Mimi ningependelea onyo," alisema Rivasi kwa unyenyekevu.

Safari hii kicheko hakikudumu. Kasisi alichezea kifuniko cha kalamu. Kumfukuza bibi mwenye wajukuu kwa ajili ya redio kungewafanya wachekwe mpaka mjini, na kumwachia kulimaanisha kitu ambacho hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukisema.

Aliyekisema ni Kanuni. "Ile adhabu nilipendekeza mimi," alisema kutoka dirishani. "Niliuliza mlango ulikuwaje. Wale vijana hatukuwauliza hata mara moja walikuwa wanafanya nini humo ndani. Mlinzi alinitajia zile pembetatu, nami nikazipita." Akageuza kiti kuwatazama. "Naomba kesi ile ifunguliwe upya."

Ikafunguliwa siku ileile, na chai ikapoa. Wale vijana wakafutiwa adhabu. Opereta na Rivasi wakapewa kazi ya kusafisha kanisa la chuo kila Jumamosi mpaka muhula uishe, adhabu ambayo Rivasi aliilalamikia kila Jumamosi, kuanzia kwa mtu aliyevumbua ufagio.

Walipotoka, Kanuni alimfuata mama yake kwenye ngazi.

"Mama, niambie ukweli. Ulifanya makusudi?"

"Ningefanya makusudi ningechagua mechi tunayoshinda."

Kanuni alicheka bila kutaka, kisha macho yakamjaa. Opereta akamshika kiwiko. "Na mimi nilinyamaza, mwanangu. Ulinituma kwa mwakilishi sikwenda. Niliogopa mtihani wa Ijumaa."

"Uliupata?"

"Niliupata. Sikuufurahia."

Kanuni hakutuma barua. Alipanda basi mwenyewe mpaka kwao Twiga. Baba yake alikuwa kinyozi, na alimkuta mashine mkononi, mteja kitini amenyolewa upande mmoja.

"Mlimrudisha mwanangu nyumbani mbele ya majirani," yule baba alisema, bila kuzima mashine. "Kila mtu hapa anajua alifukuzwa kwa sababu ya mwanamume. Umekuja kuwaambia nini hao?"

"Kwamba tulikosea," alisema Kanuni. "Nimekuja kuyasema hapa hapa, wakisikia."

Akayasema, mbele ya wateja waliokuwa wakingoja zamu na jirani aliyesimama mlangoni. Kinyozi alizima mashine. Hakumkaribisha kiti, lakini alimwita binti yake atoke nje, na Twiga alipotoka, akainamisha kichwa kupita mlangoni kama kawaida yake, alimsikiliza Kanuni mpaka mwisho ndipo akauliza jambo moja tu: kama kitanda chake bado kipo.

Yule kijana mwenzake hakurudi. Alikuwa amepata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na alimjibu Kanuni kwenye simu kwa adabu kwamba ameshazoea. Kanuni alimpigia tena baada ya mwezi, na tena baada ya hapo. Jibu lilikuwa lilelile, na adabu ilikuwa ileile. Hilo halikutengenezeka, na Kanuni hakuwahi kujidai limetengenezeka.

Kijitabu cha maadili hakikubadilika sana. Ibada ya Jumatano ilibaki lazima, milango ilibaki kuachwa wazi. Kiliongezwa kipengele kimoja, kwamba mwanafunzi asihukumiwe kabla ya kusikilizwa kwa maneno yake mwenyewe, na mwalimu wa sheria alikiandika vizuri.

Mwaka wa pili ulipoanza nafasi ya mwakilishi wa wanafunzi ilikuwa wazi. Vijana wengi waliitaka mpaka walipokumbuka kwamba mwakilishi hukaa meza moja na Kanuni. Opereta akajaza fomu, Twiga akampigia kampeni bweni kwa bweni, na Opereta akashinda kwa kura nyingi.

Tangu hapo mama na binti walikutana kwenye chumba cha kamati. Mle ndani mmoja aliitwa "mlezi" na mwingine "mwakilishi", na walibishana mpaka kasisi akaanza kuagiza chai mapema, kabla ya kikao. Mara nyingine Kanuni alishinda, maana wapo wanafunzi waliokosa kweli, na Opereta alikuwa mwepesi wa kulijua hilo kwa sauti ya mtu. Mara nyingine alishinda Opereta. Kikao kikiisha walishuka kilima pamoja kwenda kula kwa Kanuni, mkono kwa mkono, wakiulizana nani atapika na kama watoto wameshafanya kazi zao za shule.