Ulimi wa Mama Chapati

Chapati ya kwanza ilipogusa kikaango kule barazani, Mwanakheri alikuwa uani akimenya muhogo. Aliinusa, akangoja. Alikuwa akiomba iungue. Si iungue yote, la, hakuwa na roho mbaya kiasi hicho. Upande mmoja tu, pale pembeni, mteja aone doa jeusi na kukunja uso. Haikuungua. Ilinukia vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomuuma.

"Mama Chapati!" mtu aliita kutoka barabarani.

"Abee!" aliitika Yasmini.

Mwanakheri akautupa muhogo kwenye beseni hadi maji yakamrukia usoni. Hebu msikie! Anaitika kabisa, tena kwa sauti ya kuvuta, kana kwamba jina hilo alizaliwa nalo. Yasmini alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, Januari. Alikuja kutoka Kasulu baada ya ndoa yake kuvunjika, na mfuko mmoja wa nguo, hajui hata kukanda unga. Mwanakheri ndiye aliyemshika mikono akamfundisha. Hapa tia maji, hapa acha, hapa sukuma, hapa ipake mafuta, izungushe kama konokono, iache ilale kidogo. Leo mwanafunzi anaitika "abee" barazani, na mwalimu yuko uani na mihogo.

Ukiuliza watu wa Ujiji, watakwambia kwamba jina la Mama Chapati halikupatikana hivi hivi. Huku kwetu mtu hushiba kwa ugali wa muhogo na migebuka wa ziwani, au dagaa. Chapati ni ya mgeni, ya Idi, na ya mtu aliyeamka na hamu zake. Mwanakheri ndiye aliyewafanya watu waamke na hamu kila siku. Mafundi wa boti walizibeba kwenda nazo kazini Kibirizi, na akina mama wa sokoni Mwanga walikuwa wakiagiza. Chapati yake ukiivuta ilifunguka tabaka kwa tabaka, laini, haikatiki ovyo. Alikuwa na haki ya kuringa, naye aliringa.

Kisha vikaja vipele. Vilianza kwenye viwiko, vikahamia magotini, vikashuka kiunoni na mahali ambapo mtu mzima hawezi kujikuna mbele za watu. Vilikuwa malengelenge madogo yaliyokaa kwa makundi, yakiwasha kiasi kwamba alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka damu. Tumbo nalo lilijaa gesi, mwili ukakonda, damu ikapungua. Alipakwa dawa za fangasi, akapakwa za upele, akaambiwa ni dagaa wanamdhuru, akaacha dagaa. Alioga majani ya kila namna. Wapo waliomtazama kwa jicho la kupima, wakinong'ona ugonjwa mwingine. Akapima ule nao, hakuwa nao, lakini nani huacha kunong'ona kwa sababu ya majibu?

Aliyeupata ukweli ni Daktari Noel, kijana wa Mbeya aliyehamishiwa Kigoma. Alimtoa damu, akamkata kijipande kidogo cha ngozi kikapelekwa Dar es Salaam, na majibu yaliporudi akamketisha.

"Mama, adui yako ni ngano," alisema. "Ndani yake mna kitu kinaitwa gluteni. Mwili wako ukikiona unapigana nacho. Vita viko tumboni, lakini moto unatokea kwenye ngozi. Ugonjwa wenyewe unaitwa seliaki."

Mwanakheri alicheka. Alidhani anataniwa.

"Nitakunywa dawa gani?"

"Vidonge vya kutuliza vipele nitakupa. Ila dawa yenyewe ni kuacha. Chapati, maandazi, mkate, tambi, chochote cha ngano. Shayiri pia. Na usikande tena, maana vumbi la unga linaingia kinywani bila wewe kujua."

"Mpaka lini?"

"Maisha, mama."

Alirudi nyumbani akiwa amekauka midomo, akamwambia Yasmini, "Wifi, nishikie jiko." Nishikie, alisema. Hakusema chukua.

Kusema kweli, chakula hakikumsumbua. Mungu alimweka Kigoma, si mahali ambapo watu huishi kwa mkate. Muhogo upo, mchele upo, maharage na ndizi vinashuka kutoka Kalinzi, samaki wako ziwani. Baada ya miezi vipele vilikauka, mashavu yakarudi, na kwenye harusi alikwenda na bakuli lake la wali lenye mfuniko, akiwaacha waliotaka kusema anajidai waseme. Hapo angeweza kushukuru, akatulia.

Hakutulia. Gere lilimkaa kooni. Aliwaonea gere watoto waliochovya maandazi kwenye chai. Aliwaonea gere hata kuku waliodonoa makombo chini ya meza ya Yasmini. Zaidi ya wote alimwonea gere Yasmini mwenyewe, namna alivyofunga kitambaa kichwani, namna alivyopiga kikaango kwa kijiko kuita wateja, jambo ambalo Mwanakheri hakuwahi kulifanya na ambalo, kwa maoni yake, lilikuwa la kihuni.

Siku moja Mzee Gervasi, mteja wake wa siku zote, alipita uani kumsabahi.

"Mwakeye, Mama Chapati!" alisema kwa Kiha chake. Kisha akajilamba vidole. "Za siku hizi zimezidi kulainika, ee? Huyu binti ana mkono."

Ana mkono! Mwanakheri alitabasamu mpaka mzee akaondoka. Kisha akaenda barazani, akasubiri Yasmini ainame kuchochea mkaa, akanyofoa kipande cha chapati na kurudi nacho uani. Alikitia mdomoni. Alikitafuna taratibu, akitafuta kasoro: chumvi, mafuta, kukauka, chochote. Alipomaliza akatema kwenye majivu, akasukutua kwa maji.

Nafsi haikumsuta hata kidogo, kwa sababu hakuwa amekula. Alikuwa ameonja. Mpishi wa Ujiji analelewa akijua tofauti hiyo. Mwezi wa Ramadhani, umefunga, mchuzi uko jikoni na watu watafuturu kwa mkono wako. Unaruhusiwa kuweka tone kwenye ncha ya ulimi, ukajua chumvi, ukatema. Swaumu yako iko pale pale. Ikiwa Mwenyezi Mungu mwenyewe hahesabu hapo kwamba mtu amekula, vipele ni nani hata vihesabu?

Basi akawa anaonja kila asubuhi. Leo kipande cha pembeni, kesho cha katikati. Alitafuta kasoro kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu chochote duniani, na hakuipata. Zilikuwa chapati nzuri. Kibaya zaidi, zilikuwa chapati zake, zile zile, zimetoka kwenye mkono wa mtu mwingine.

Kisha viwiko vikaanza kuwasha.

Mwanzo alisema ni joto. Malengelenge yalipojipanga tena magotini, alijua. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Nani anapika ugali wake wa jioni? Nani anakanda unga wa ngano kutwa, kisha anashika mwiko wake? Nani atafaidika Mwanakheri akibaki mgonjwa, ili jiko lisirudi kwa mwenyewe? Hesabu ilikuwa nyepesi, na wivu ndio uliompigia.

Jioni hiyo ugali ulipowekwa mkekani, aliisukuma sahani.

"Umenitilia nini humu?"

Yasmini akatoa macho. "Unga wa muhogo na maji, wifi."

"Na ngano kiasi gani?"

"Wifi!" Yasmini aliinuka, akaleta sufuria na mwiko. Mpini wa mwiko ulikuwa umepakwa rangi nyekundu ya kucha, na sikio la sufuria vilevile. "Hivi ni vyako peke yako. Nimevitia alama nisije nikavichanganya. Naoga kabla ya kukupikia. Naoga, wifi, nabadili na khanga!"

"Alama si kitu. Mchawi naye huvaa hirizi."

Januari, fundi wa injini za boti, mtu asiyependa kelele, alibaki na tonge mkononi. Mwanakheri akamgeukia.

"Mume wangu, nisikilize. Mdogo wako ananiua polepole kwa ajili ya jiko. Basi la Kasulu lipo kila siku. Mmoja wetu atalipanda."

Yasmini alikaa chini, akaanza kulia bila sauti, maana Kasulu hakukuwa na mtu aliyekuwa akimngojea.

Januari alilirudisha tonge kwenye sahani. "Twende kwa daktari kwanza, sote watatu," alisema. "Akisema ni chakula cha Yasmini, nitamsindikiza stendi mimi mwenyewe."

Wakaenda. Yasmini alibeba sufuria, mwiko, na unga wa muhogo kwenye mfuko, kama mtu anayepeleka vielelezo mahakamani. Mwanakheri alitangulia mbele. Viwiko vilimwasha, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Njia nzima alikuwa akifikiria atakavyofunga kitambaa chake siku ya kwanza ya kurudi barazani. Daktari asingemruhusu, alijua. Basi atatafuta binti mwingine wa kukanda, asiye na mkono, na yeye atasimama nyuma yake, na jina litabaki kwake.

Daktari Noel aliwaamkia, akavitazama viwiko vyake, akaguna.

"Vimerudi kweli. Mama, umekula mkate?"

"Sijala."

"Andazi? Tambi? Samaki waliopakwa unga kabla ya kukaangwa?"

"Sijala, daktari. Muulize mume wangu."

Daktari akaichukua sufuria ya Yasmini, akaiangalia ndani, akausugua mwiko kwa kidole, akauliza unga ulisagwa wapi. Yasmini akajibu kila swali kwa sauti iliyokauka. Mashine ya kusagia ni ya muhogo mtupu. Chombo hiki hakijawahi kuguswa na ngano.

"Hapa sioni tatizo," alisema daktari, akakuna kidevu. "Mama, fikiri vizuri. Hakuna chochote cha ngano kilichogusa mdomo wako? Hata kuonja?"

"Kuonja, ndiyo," alijibu Mwanakheri, bila wasiwasi wowote. "Lakini sijala. Mimi ni mpishi, daktari, najua kuonja. Natafuna, natema, nasukutua. Hata Ramadhani tunaonja hivyo, na swaumu haiharibiki."

Daktari aliacha kukuna kidevu. "Sheria za swaumu sizijui sana, mama," alisema taratibu. "Ila utumbo wako hauangalii nia. Kinachobaki kwenye meno kinatosha kuvirudisha vyote."

Feni ilizunguka juu ya vichwa vyao. Januari aliinua macho akaanza kuitazama, kama fundi anayesikia kitu kibovu ndani yake.

"Wifi," alisema Yasmini. "Ulikuwa unaonja nini?"

Hapo ndipo Mwanakheri alipoiona kauli yake yote imelala katikati ya chumba, mbele ya watu, haifunikiki. Angeweza kusema ni maandazi ya jirani. Uongo huo ulimfika kwenye ncha ya ulimi, palepale alipokuwa akiweka chapati.

"Chapati zako," alisema.

"Mara moja?"

"Kila siku."

Alingoja atukanwe. Alikuwa na haki ya kutukanwa, na angalau matusi angeyajibu. Yasmini aliishika sufuria kwa mikono miwili, akaitazama ile rangi ya kucha, kisha akainua uso.

"Zikoje?" aliuliza.

Tangu ashike jiko alikuwa hajawahi kuambiwa na aliyemfundisha. Wateja walisifu, lakini wateja ni wateja. Mwanakheri aliliona hilo usoni mwake, ile njaa ya mwanafunzi, na akashindwa kujibu. Alijikuna kiwiko. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na alikuwa akilitema kwenye majivu kila asubuhi.

Walirudi Ujiji. Hakuna aliyetaja basi la Kasulu. Kesho yake jiko liliwashwa kama kawaida, na Mwanakheri alikaa uani na mihogo yake, mikono ameifungia mapajani isimchukue kwenda barazani. Harufu ilikuja. Akaimezea mate.

"Mama Chapati!" mtu aliita kutoka barabarani.

Hakuna aliyeitika. Mtu akaita tena. Mwanakheri aliinua shingo, akamwona Yasmini amesimama kwenye mlango wa uani, unga umemjaa mpaka viwikoni, viwiko laini visivyo na hata kipele kimoja. Alikuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimngojea yeye, mwenye jina, aitike.

Wivu ulimpanda Mwanakheri mpaka machozi yakamlenga. Alimwonea wivu kwa ule unga, kwa ile mikono, kwa jiko, na sasa kwa hii adabu yake ambayo yeye Mwanakheri asingeiweza.

"Nzuri," alisema, akiuangalia muhogo.

"Nini, wifi?"

"Uliniuliza zikoje. Nzuri. Hazina kasoro, nimetafuta." Alichukua kisu. "Itika sasa. Ni wewe wanayekuita."